Kabla ya kuifuata reli ya karanga, Mtwara hadi Nachingwea na Ruvuma

Usitafute tiketi. Reli hii iling'olewa mwanzoni mwa miaka ya 1960. Waingereza waliijenga kwa ajili ya mradi wao wa karanga: mwaka 1949 treni zilianza kati ya Mkwaya, karibu na Lindi, na Nachingwea, kisha njia ikaunganishwa na bandari mpya ya Mtwara. Mradi wenyewe ulivunjwa mwaka 1951, reli ikakosa mzigo wa kuilisha. Unachofuata leo ni tuta la udongo lililobeba reli, makalvati (mifereji ya kupitisha maji chini yake) na kumbukumbu za wazee, kwa hiyo jiandae kwa hayo.

Chagua Agosti au Septemba. Desemba hadi Aprili ni mvua, na mashimo yaliyochimbwa udongo wa tuta hujaa maji. Juni pakavu, lakini nyasi ndefu bado zinaficha kila kitu, nyoka wakiwemo. Zikishaungua ndipo tuta linapoonekana. Lakini msimu huo mikorosho hupulizwa salfa, dawa ya unga ya kuzuia ukungu, asubuhi na mapema. Vumbi lake huwasha macho na koo, basi beba kitambaa na usiingie shambani mashine ikinguruma. Kuanzia Oktoba korosho zinavunwa, na mgeni anayezunguka mikoroshoni bila kuaga hudhaniwa mwizi.

Jifunze kulitambua tuta, maana hapa ndipo wengi hupotea. Njia ya miguu hupinda na kupanda ovyo. Treni haiwezi mlima mkali, hivyo reli hukata kilima, hujaza bonde na kukata kona pana. Ukiona njia tambarare isiyo na sababu, chini yake kalvati la zege, umefika. Pakua picha za setilaiti ukiwa Mtwara mjini. Mtandao hukatika njiani.

Omba barua ya utambulisho ofisi ya mkuu wa wilaya, na kila kijiji anzia kwa mtendaji. Atakupeleka kwa wazee. Shikamoo kwanza, keti, ndipo uulize reli ilipita wapi.

Maji lita 3 kwa mtu kwa siku, viatu vya kufunika vifundo, fedha taslimu. Barabara ya Masasi inapita Nyangao na Mahiwa, walipopigana Wajerumani na Waingereza Oktoba 1917. Nachingwea ndipo FRELIMO, chama kilichopigania uhuru wa Msumbiji, ilipofundisha wapiganaji wake; usipige picha kambi za jeshi.

Mpaka wa mto Ruvuma, kati yetu na Msumbiji, ulikubaliwa na Wajerumani na Wareno mwaka 1886, na leo unahitaji uangalifu zaidi. Tangu 2017 kuna mapigano Cabo Delgado, jimbo la Msumbiji ng'ambo ya mto, na mwaka 2020 kijiji cha Kitaya upande wetu kilishambuliwa. Uliza polisi hali ilivyo kabla ya kushuka mtoni. Ukitaka kuvuka, pita Mtambaswala kwenye Daraja la Umoja, lenye mita 720, ukiwa na pasipoti. Usivuke kwa mtumbwi: ni kuvunja sheria, na mto una mamba na viboko.