SOMO: Kuvitafuta vigae na sarafu za kale kwenye magofu ya pwani (soma lote ndipo uulize)

Wakuu, salaam. Kila nikiweka picha za Kilwa, meseji ni zile zile: vigae (vipande vya vyombo vya kale vilivyovunjika) naviona wapi, natumia mashine gani, nauza kwa nani. Nimechoka kumjibu mmoja mmoja, kwa hiyo naandika mara moja. Mimi natafuta kwa macho na narudi na picha. Anayetaka kuchimba, somo hili si lake.

1. Kibali. Kachukue kwenye ofisi ya magofu Kilwa Masoko kabla ya kuvuka kwenda Kilwa Kisiwani, na uchukue mwongozaji.

2. Vaa viatu vya kufunga, jabali la matumbawe linakata. Beba daftari, penseli, rula ndogo na simu yenye chaji. Jembe na mashine ya kupima madini viache nyumbani.

3. Maji. Nenda siku za bamvua, mwezi ukiandama au ukiwa mpevu, maji yanapokupwa sana. Anza wakati maji yanatoka na uyafuate taratibu. Bahari inaula ukingo wa kisiwa kila mwaka, na vilivyokuwa ardhini vinajitokeza vyenyewe. Muulize nahodha maji yanageuka saa ngapi, na umsikilize.

4. Tembea asubuhi au alasiri. Jua likiwa chini, mng'aro wa kigae unauona toka mbali. Saa sita kila kitu ni cheupe tu.

5. UKIKIONA, USIKIOKOTE. Hapa ndipo nilipoharibu. Safari yangu ya kwanza niliokota vigae vitano Kisiwani nikavitia mfukoni. Kesho yake nikaokota vitatu Songo Mnara, kisiwa jirani chenye magofu pia, mfuko ule ule. Nilipofika nyumbani nikavimwaga mezani: vigae vinane, na sikujua kipi kimetoka wapi. Kimoja kilikuwa ukingo wa bakuli la Kichina, kijani kama jani la mkoko, na ua limechongwa chini ya mng'aro. Kingebaki pale chini ya ukuta nilipokikuta, huenda kingemwambia mtaalamu ukuta ule ulitumika zama zipi. Mezani kwangu hakikuweza kusema lolote. Safari iliyofuata nilivirudisha vyote. Mzee aliyevipokea aliniuliza swali moja tu, "Vimetoka wapi, mwanangu?" Sikuwa na jibu, na jambo hilo linaniuma mpaka leo.

Mahali kilipolala kitu ni nusu ya kitu chenyewe. Mwaka 1944 mwanajeshi wa Australia, Maurie Isenberg, aliokota sarafu tisa mchangani kwenye visiwa vya Wessel, kaskazini mwa nchi yao. Tano zilikuwa za Kilwa! Alizihifadhi mpaka 1979 ndipo akazipeleka zitambuliwe. Zilifikaje kule? Wanabishana hadi leo, maana hakuna aliyeona zililala katika udongo gani, pamoja na nini. Linganisha na Mtambwe Mkuu, Pemba, 1984: sarafu za fedha zaidi ya 2,000 zilipatikana pamoja na dinari za dhahabu za Wafatimi, watawala wa Kiislamu wa Misri ya zama hizo, na ujirani huo ndio uliosaidia kujua kuwa ni za karne ya 11.

Kwa hiyo: piga picha kikiwa palepale, rula pembeni. Kisha picha ya pili kwa mbali, ukuta au mti uonekane. Andika saa na mahali. Usikisogeze kikae vizuri kwenye picha. Usikisugue. Na ujue sheria: Sheria ya Mambo ya Kale ya 1964 inalinda vitu vilivyotengenezwa na binadamu kabla ya 1863. Kuchimba bila leseni ni kosa, na kuvitoa nchini bila ruhusa ni kosa.

6. Kukisoma. Tazama palipovunjika. Kauri ya Kichina ndani ni nyeupe au kijivu, imebana. Vyungu vya wenyeji vina udongo mwekundu au mweusi wenye chembe za mchanga, mara nyingi na michoro ya kukwaruza shingoni. Usivipite hivi kwa sababu having'ai. Ndivyo vilivyopikiwa, ndivyo vingi, na ndivyo vinavyoeleza watu wa kawaida waliishije.

7. Ukiona sarafu, shanga nyingi pamoja, au mifupa: simama, mwite mwongozaji, toa taarifa ofisini.

MASWALI

Msakatonge: Mkuu, ramani ya mali za Mjerumani unayo? Tugawane nusu kwa nusu.

Jibu: Sina. Anayekuuzia ni tapeli. Dhahabu ya mgodi wa Sekenke ilipigwa sarafu za rupia 15 mwaka 1916 kwenye karakana ya reli Tabora, zile zenye tembo. Hilo ni kweli. Mengine ni maneno ya watu wanaotaka hela yako.

Kijana wa Town: Mashine nzuri bei gani?

Jibu: Rudi hatua ya 2.

Kijana wa Town: Nimeuliza tu, mbona ukali?

Jibu: Kwa sababu shimo moja la usiku linaharibu kilichokaa miaka 700. Nimeyaona mashimo hayo kwa macho yangu.

Bi Mkunazini: Shikamoo kaka. Bibi aliniachia sarafu yenye tundu katikati, imeandikwa 10 Heller. Je, nayo ni ya serikali? Niioshe na limau?

Jibu: Marahaba dada. Hiyo ni yako. Ni pesa ya enzi za Mjerumani: heller 10 zenye tundu zilitoka kati ya 1908 na 1914, na heller 100 zilikuwa rupia moja. Limau HAPANA, wala majivu, wala dawa ya meno: inakula maandishi, na haiponi. Ifute vumbi kwa kitambaa laini, itie kwenye bahasha ya karatasi, uandike jina la bibi na alikoipata. Unajua aliipata wapi?

Bi Mkunazini: Babu yake alikuwa mpagazi. Zaidi ya hapo sijui.

Jibu: Waulize wazee waliobaki, wiki hii hii. Hayo nayo yaandike.

Mvita: Na huku kwetu Kenya je?

Jibu: Kwenu ni sheria ya 2006, na mpaka wake ni mwaka 1895. Ukiona kitu, taarifu Makumbusho ya Taifa. Ukipata nafasi nenda kwenye magofu ya Gede, yameingia Urithi wa Dunia 2024.

Mvita: Asante ndugu. Mimi napiga picha chini ya mwavuli, rangi ya kijani inatoka sawa kabisa, jua haliiunguzi.

Jibu: Hiyo sikuwahi kuijaribu. Mwavuli mweusi au wa rangi?

Mvita: Mweusi. Ule wa rangi unapaka kigae rangi yake.