Jinsi ya kumkinga bibi na korona bila kumfungia ndani

Watu wanauliza wazee wabanwe zaidi ya wengine au la. Uturuki Machi 2020 waliwakataza wenye miaka 65 na kuendelea wasitoke nje, na ni kweli korona iliua zaidi wazee, ila mi naona huku Mbeya kumfungia bibi hakusaidii kama wajukuu mnashinda sokoni Mwanjelwa halafu jioni wote mnajazana jikoni kuota moto, mlango umefungwa sababu ya baridi ya mwezi wa saba.

Kwa hiyo anzeni nyie mnaotoka. Ukirudi nawa na sabuni, mwenye mafua asilale chumba cha bibi, na kama hakuna kingine basi avae barakoa na dirisha liwe wazi japo kidogo, hata usiku. Bibi mwongezee blanketi na soksi nzito. Jiko la mkaa msiingize chumbani jamani, hewa yake ya sumu haina harufu na inaua mtu akiwa usingizini.

Maongezi hamishieni nje, jua likishapanda mwekee kiti barazani, majirani wampe shikamoo kwa mbali. Akitaka kwenda kupalilia maharage mwache aende, shambani hewa tele na miguu inataka kutembea.

Msiba ndo mgumu. Huwezi kumkataza mzee kumzika mdogo wake, mkalishe nje, asibanane na wengine kwenye mkeka ndani.

Dawa zake za presha kamchukulie wewe, na kabla hamjapanga lolote muulizeni mwenyewe anatakaje.