Bolti zako zipange kwenye kipande cha boksi
Kwa wewe unayeanza kujifunza ufundi magari gereji: kabla hujafungua wota pampu (pampu inayozungusha maji ya kupoza injini), chora umbo lake kwenye kipande cha boksi, toboa matundu, kisha kila bolti unayoitoa ichomeke kwenye tundu lake. Bolti hizo mara nyingi hazilingani urefu. Ndefu ikiingia kwenye tundu fupi inagota chini kabla haijabana, na ukilazimisha na spana unapasua aluminiamu ya injini ya mteja. Picha ya simu inasaidia, ila urefu hauonekani. Mbinu hii inakwama kama fundi aliyetangulia alishazichanganya. Hapo pima kina cha kila tundu kwa waya mwembamba kabla ya kurudisha chochote.