Jinsi ya kuliona wimbi la joto angani kabla halijafika ardhini

Ukitaka kujua joto kali litakaa siku ngapi, usianze na kipimajoto. Kinachoamua kama joto litaondoka kesho au litang'ang'ania wiki nzima kiko kilomita tano na nusu juu ya kichwa chako. Kazi yangu ni utabiri wa hali ya hewa, na hizi ndizo hatua ninazozifuata. Mfano wetu ni Juni 2021, magharibi mwa Kanada na Marekani. Kijiji cha Lytton, katika jimbo la British Columbia nchini Kanada, kilivunja rekodi ya taifa siku tatu mfululizo, kikaishia nyuzijoto 49.6 tarehe 29 Juni. Rekodi ya awali, nyuzi 45, ilikuwa imedumu tangu 1937.

Hatua ya 1: Fungua ramani ya juu

Nenda earth.nullschool.net, bofya jina lililo kona ya chini kushoto, na menyu itafunguka. Weka tarehe 27 Juni 2021, kisha kwenye safu ya urefu chagua 500, yaani hektopaskali 500, kipimo cha mgandamizo wa hewa ulioko kwenye kilomita zile tano na nusu. Hapo karibu nusu ya hewa yote iko chini yako.

Ramani ya mgandamizo wa usawa wa bahari iache kwanza. Ardhi ikishachemka, hewa ya chini hupanuka na kuwa nyepesi, na ramani hiyo huonyesha mgandamizo mdogo mahali ambapo juu yake pamekaa mgandamizo mkubwa. Wanaoanza hupotea hapo mara nyingi.

Hatua ya 2: Tafuta umbo

Katika maeneo yaliyo kati ya tropiki na ncha ya dunia, upepo wa juu huenda mashariki kwa mawimbi mapana. Tafuta wimbi lililopanda mno kuelekea kaskazini, likapinda, likashuka upande wa pili, huku migandamizo midogo miwili ikilishikilia kushoto na kulia. Umbo lake linafanana na herufi ya Kigiriki Ω. Ndani yake upepo huzunguka kufuata mshale wa saa, na mifumo ya mvua inayotoka baharini hulazimika kupita pembeni.

Umbo la 2021 lilianza kujengwa mbali. Mvua kubwa juu ya Pasifiki ya Kaskazini ilichangia, kwa sababu mvuke unapogeuka mawingu huachia joto, na joto hilo likalikuza wimbi hadi likasimama juu ya British Columbia. Kompyuta za utabiri zililiona takriban wiki moja kabla.

Hatua ya 3: Elewa joto linatoka wapi

Hapa nakuomba utulie, maana ndio moyo wa jambo lenyewe. Wengi hudhani joto lote limesafirishwa kutoka jangwani. Sehemu hutoka kusini, ndiyo, lakini sehemu kubwa hutengenezwa palepale. Ndani ya umbo hilo, ambalo ni eneo la mgandamizo mkubwa, hewa hushuka. Inaposhuka hukandamizwa, na inapokandamizwa hupata joto, kama pampu ya baiskeli inavyopata moto ukiijaza hewa. Kila kilomita moja ya kushuka huongeza karibu nyuzi 10. Hewa hiyo pia hukauka, mawingu hayafanyiki, na jua la mwisho wa Juni huko huwaka kwa takriban saa 16 kwa siku.

Tarehe 28 Juni upepo wa mashariki ulivuka milima ya Cascade na kuteremka upande wa bahari. Mteremko huo ukaongeza joto juu ya joto: Portland ikafika nyuzi 46.7, Seattle 42.2.

Hatua ya 4: Kadiria joto la mchana

Badilisha urefu uwe 850, kama mita 1,500 kutoka usawa wa bahari, na usome joto. Kwa sehemu ya tambarare, kavu na isiyo na mawingu, ongeza nyuzi 13 hadi 15. Ni kanuni ya haraka tu, ila hunisaidia sana.

Hatua ya 5: Angalia udongo

Udongo wenye unyevu hutumia nguvu ya jua kuvukiza maji. Ukikauka, nguvu hiyo yote huenda kupasha hewa, na hewa moto huzidi kuukausha. Ndiyo maana ukame wa majira ya kuchipua, kabla ya miezi ya joto, ni onyo. Ulaya ililiona hilo mwaka 2003, walipokufa watu zaidi ya 70,000.

Hatua ya 6: Linganisha siku kwa siku

Sogeza tarehe mbele. Je, umbo linahama? La 2021 lilisogea mashariki kuelekea jimbo la Alberta baada ya siku chache. La Urusi mwaka 2010 liliganda kwa wiki nyingi: Moscow ilifika nyuzi 38.2 tarehe 29 Julai, ngano ikakauka, na serikali ikasitisha kuuza nafaka nje kuanzia 15 Agosti. Siku hizohizo, ukingoni mwa wimbi hilohilo, Pakistan ilizama kwa mafuriko.

Hatua ya 7: Soma joto la usiku, kisha piga simu

Usiku usipopoa, mwili haupumziki. British Columbia ilihesabu vifo 619 mwaka 2021. Wengi walikuwa wazee, walifia ndani ya nyumba, na zaidi ya nusu waliishi peke yao. Ukiona umbo hili kwenye utabiri wa siku tano zijazo na una shangazi au babu huko, mpigie leo, muulize kama ana feni na nani atamtembelea.

Usitumie hatua hizi kwa Dar es Salaam au Mombasa. Karibu na ikweta tofauti za mgandamizo ni ndogo na mawimbi haya hayajengeki. Kwa joto la Januari na Februari la pwani yetu, tazama kwanza unyevu, joto la bahari na jua la utosini.