Kichefuchefu cha mimba kikichanganyika na stresi, fanya hivi

Mama kijacho, kama umeshaona siku mwenye nyumba akipiga simu ya kodi ndo siku hiyo hiyo unatapika hadi nyongo, hudeki wala hujichanganyi. Kichefuchefu chenyewe kinaletwa na homoni, na utafiti uliotoka 2023 umeonyesha homoni moja inaitwa GDF15, inayotoka upande wa mtoto na kondo, inachangia sana. Stresi ndo inakoleza. Ukiwa na wasiwasi tumbo linachelewa kusaga chakula, unatapika, unaogopa kula usije ukatapika tena, tumbo linabaki tupu, na tumbo tupu ndo linachefua zaidi ya yote. Kwa hiyo mimi nasema anza na tumbo kwanza kichwa baadaye, maana kumwambia mtu mwenye njaa anayetapika eti "tulia usiwaze" ni kumuonea tu.

Usiku kabla hujalala weka kitu kikavu pembeni ya kitanda, biskuti za chumvi au mkate mkavu au hata kipande cha muhogo wa kuchemsha uliopoa. Ukiamka kula hapo hapo ulipo, subiri kama dakika 15 hivi ndo unyanyuke, taratibu. Mchana kula kidogo kidogo kila baada ya masaa mawili, usisubiri njaa ikuume, na maji kunywa kwa mafunda katikati ya milo sio bilauri nzima juu ya wali. Tangawizi inasaidia kweli, ila ya unga usizidishe nusu kijiko cha chai kwa siku nzima, na kama una kiungulia punguza. Ndimu wengine kuinusa tu inatosha. Udongo ule wa sokoni achana nao hata kama hamu inakuua, unaweza kuwa na mayai ya minyoo na madini ya risasi, na unazuia mwili kupata madini ya chuma.

Vidonge vya damu vya kliniki navyo vinachefua watu wengi. Hamishia usiku baada ya kula, na bado vikikusumbua mwambie nesi akuangalizie namna nyingine, sio kuvificha kabatini kimya kimya kama wengi wanavyofanya.

Haya sasa stresi. Andika kwenye simu kilichotokea kabla hujatapika, siku chache tu utaanza kuona kinachojirudia: simu ya bosi, harufu ya vitunguu vinakaangwa, au daladala. Ya daladala ni hofu ya aibu zaidi kuliko safari yenyewe, kwa hiyo kaa dirishani, beba kopo lenye mfuniko na kanga ya kujifunika, ukijua kopo lipo kwenye begi hofu nusu inaisha hata kabla hujalitumia. Ukisikia inapanda vuta pumzi kwa pua ukihesabu hadi 4, toa polepole ukihesabu hadi 6, endelea hivo dakika kadhaa. Kazini tafuta mtu mmoja unayemuamini umwambie, kujificha chooni kila siku ni stresi nyingine.

Nyumbani sema kitu kinachoshikika. "Nisaidie" haifanyi kazi, sema "kuanzia leo samaki unakaanga wewe tena nje". Na wakisema mimba imemkataa mumeo, mara nyingi ni harufu ya marashi au sabuni yake, abadilishe tu ndoa iendelee. Mama mkwe akianza zile za sisi tulizaa saba na tulikuwa tunalima, itikia "sawa mama" ukalale. Ila kama ni wasiwasi wa kutwa nzima, usingizi hakuna, unalia hovyo au unajiona bora usiwepo, sema kliniki, hiyo inatibika.

Dawa zipo, vitamini B6 peke yake au pamoja na doxylamine (dawa ya jamii ya zile za aleji) ndo mara nyingi zinatolewa kwanza, lakini upewe na mtu anayejua una mimba ya wiki ngapi, usijiokotee duka la dawa.

Kwa wengi inaanza karibu na wiki ya 6, inapamba moto kwenye ya 9, na kati ya 12 na 16 inapoa. Nenda hospitali siku hiyo hiyo kama masaa 24 hata maji hayakai, mkojo umekuwa kidogo na mweusi kama chai ya rangi, kizunguzungu ukisimama, unatapika damu, kilo zinashuka, au una homa (hapo lazima upimwe malaria na mkojo). Na kama kutapika kumeanza upya baada ya wiki ya 20 na kichwa kinauma sana, macho yanaona ukungu au panauma chini ya mbavu, usikubali kuambiwa mimba ndo zilivyo, hiyo inaweza kuwa dalili ya kifafa cha mimba, wakupime presha haraka. Beba kadi ya kliniki na utaje kila unachomeza, hata mitishamba.