Somo: Kushona antena ya tagi ya RFID kwenye nguo (865–868 MHz)

Tagi ya RFID ni chipu na antena vinavyojitambulisha kwa kisomaji kupitia mawimbi ya redio. Tagi ya karatasi inayosomeka vizuri ikiwa kwenye boksi hufa ukiibandika kifuani. Chipu ni ile ile, kisomaji ni kile kile. Kilichoongezeka ni mwili. Karibu na 900 MHz, permitiviti ya msuli (kiasi unavyohifadhi nguvu ya uwanja wa umeme) ni takribani 55 na upitishaji wake wa umeme ni kama 0.94 S/m, wakati kitambaa kikavu kina permitiviti ya kati ya 1 na 2. Mwili huvuta masafa ya antena kwenda chini na papo hapo hula nguvu yake. Kwa hiyo kazi yote hapa ni mbili: kuoanisha antena na chipu, na kuitenga antena na mwili. Umbo la kupendeza halisaidii kitu kama haya mawili hayajakaa sawa.

Tutatengeneza tagi ya UHF (masafa ya juu ya redio) isiyo na betri, ya kushonwa juu mgongoni mwa reflekta ya mfanyakazi. Bendi ni 865–868 MHz, inayotumika Ulaya. Vipo visomaji vilivyopangwa kwa Marekani, 902–928 MHz. Kwetu hilo ni tatizo la kweli, kwa sababu 890–915 MHz ndimo simu za GSM 900 hutumia kurusha kwenda mnarani. Kabla ya kuwasha kisomaji chochote, thibitisha bendi na nguvu inayoruhusiwa kwa mamlaka ya mawasiliano, TCRA (Tanzania) au CA (Kenya).

Vifaa

Kitambaa kilichopakwa shaba na nikeli, chenye ukinzani usiozidi Ω 0.05 kwa mraba (yaani kwa kila kipande cha mraba, kikubwa au kidogo). Karatasi ya polyimide (plastiki isiyoharibiwa na joto la kulehemu) yenye shaba upande mmoja. Chipu ya UHF yenye miguu ya kulehemu. Povu la EVA la milimita 10 la kuitenga antena na mwili, lile la kutengenezea ndala (seli zake zimefungwa, hainywi maji, sponji ya godoro hunywa, usiitumie). Filamu ya TPU (plastiki laini) ya kubandika kwa pasi. NanoVNA (kifaa kidogo cha kupimia antena), kisomaji ambacho nguvu yake hupunguzwa kwa hatua ya 1 dB (desibeli), dumu la lita 5 na gramu 20 za chumvi.

Hatua ya 1: Hesabu za chipu

Antena ya tagi haioanishwi na Ω 50. Chipu ni ukinzani mkubwa uliokaa sambamba na kapasita ndogo. Chukua mfano wa Ω 1500 na 1 pF. Ukiishalehemu, miguu na pedi huongeza kapasitansi, weka 0.2 pF, jumla 1.2 pF. Kwa 867 MHz:

X = 1/(2πfC) = Ω 153
Q = 1500/153 = 9.8
Rs = 1500/(1+Q²) = Ω 15
Xs = takribani Ω 151

Rs na Xs ni chipu ile ile ikiandikwa kwa mfululizo: 15 − j151, yaani Ω 15 za ukinzani na Ω 151 za kapasita. Hivyo antena iwe 15 + j151, ili Ω 151 zake ziifute kapasita, yaani induktansi ya karibu 28 nH. Ukiisahau ile 0.2 pF utapata 22 − j181 na kulenga 33 nH. Tofauti hiyo peke yake inatosha kuitoa tagi nje ya bendi, na ni kosa linalowapata wengi kwa sababu karatasi ya chipu hutaja 1 pF na wao huishia hapo.

Hatua ya 2: Kitanzi

Chipu isigusane na kitambaa hata kidogo. Ilehemu kwenye kitanzi kidogo cha shaba juu ya polyimide, na kitanzi hicho kiipe dipoli (ukanda wa kitambaa unaorusha mawimbi, hatua ya 3) nguvu kwa sumaku tu, bila waya wala lehemu kati yao. Uzi na kitambaa huchakaa kwa kukunjwa. Kiungo kisichokuwepo hakikatiki.

Mstatili wa milimita 18 × 10, ukipimwa katikati ya mstari, wenye upana wa mstari wa milimita 2, hutoa karibu 28 nH. Ule wa 20 × 10 hutoa karibu 30 nH. Kata vitanzi vitano, urefu 16 hadi 20, vyote na chipu. Ni rahisi kuliko kubishana na hesabu, maana kapasitansi ya lehemu yako huijui hasa mpaka uipime. Pengo la chipu liwe kwenye upande mrefu ulio mbali na dipoli.

Hatua ya 3: Dipoli

Nusu ya wimbi kwa 867 MHz ni milimita 173. Kata ukanda wa kitambaa wa 165 × 5, ncha ziwe za mviringo, kisha upunguze. Kila milimita unayotoa hupandisha masafa kwa karibu 5 MHz. Toa pande zote mbili sawasawa.

Kwa upana wa milimita 5, ukanda una miraba kama 33, ukinzani usiofika Ω 2. Ukitaka kudarizi kwa uzi uliopakwa fedha, kwanza pima uzi kwa multimita. Ukisoma Ω 100 kwa mita, mshono mmoja wa sentimita 16 tayari ni Ω 16. Pitisha mishono mitano au sita sambamba. Mishono ifuate urefu wa dipoli, kwa sababu mkondo unapita huko. Ile ya kukatiza upana hupendeza lakini huulazimisha mkondo kuruka kutoka uzi hadi uzi.

Kitanzi kinakaa katikati ya dipoli, mkondo unapokuwa mkubwa, juu ya tabaka jembamba la kitambaa kikavu. Anza na milimita 2 kati ya mstari wa kati wa dipoli na ule wa upande wa karibu wa kitanzi. Ukubwa wa kitanzi ndio unaopanga Ω 151, na umbali huu ndio unaopanga Ω 15. Kusogeza karibu huongeza ukinzani. Badilisha kimoja kwa wakati.

Hatua ya 4: Kupima

Yeyusha chumvi kwenye maji ya dumu. Hayo ndiyo mgongo wako wa majaribio, makali kidogo kuliko mwili kwa vile permitiviti ya maji inazidi ya msuli. Weka EVA juu ya upande bapa, kisha dipoli bila kitanzi. Tengeneza pete ya waya ya kipenyo cha milimita 15 kwenye NanoVNA, ishike sentimita 1 hadi 2 juu ya katikati ya dipoli. Utaona shimo kwenye S11 (mchoro wa nguvu inayorudi kwenye NanoVNA). Likihama ukisogeza pete, uko karibu mno. Rudi nyuma mpaka litulie. Punguza dipoli mpaka shimo likae 867 MHz *juu ya dumu*. Hewani litakuwa juu zaidi, na ni sawa.

Sasa weka kitanzi. Kisomaji kiwe mita 1, shusha nguvu kwa 1 dB mpaka tagi inyamaze, andika namba, rudia kwa vitanzi vyote vitano, chagua chenye namba ndogo kuliko zote. Kwa chipu inayoamka kwa −18 dBm (nguvu ikilinganishwa na miliwati 1) na antena ya kisomaji ya 6 dBi (dBi ni uwezo wa antena kuelekeza nguvu) yenye polaraizesheni ya duara (mawimbi yanayozunguka), tagi ikiwa na −10 dBi juu ya dumu itanyamaza kisomaji kikishuka hadi karibu 20 dBm. Kwa kikomo cha Ulaya cha 2 W ERP (nguvu inayorushwa ikilinganishwa na dipoli), hiyo ni karibu mita 2.8. Tagi hiyo hiyo ingekuwa na 2 dBi hewani ingefika mita 11. Kila 6 dB unayopoteza, umbali hugawanyika mara mbili.

Hatua ya 5: Kufunika

TPU pande zote mbili, ipite ukingo kwa milimita 5. Juu ya chipu weka tone la silikoni. Isiwe ile inayonuka siki, hiyo hula shaba. Tone liishie taratibu pembeni. Likiwa na ukuta wima, shaba hukatika hapo hapo palipokutana ugumu na ulaini. TPU husogeza masafa chini, kwa hiyo rudia kipimo baada ya kufunika kipande cha kwanza, kisha rekebisha urefu kwa vinavyofuata.

Maswali ya wanachama

*Fundi, simu yangu ina NFC. Itaisoma hii?*

Hapana. NFC ni 13.56 MHz na husoma kwa sentimita chache. Hii inahitaji kisomaji cha UHF.

*Habari za kazi. Chipu za kulehemu sizipati huku Morogoro. Naweza kutumia stika za tagi za dukani?*

Nzuri, ndugu. Unaweza, na mara nyingi ni njia fupi zaidi. Chagua stika yenye kitanzi kinachoonekana katikati, kata mabawa, bakiza kitanzi na chipu. Kimeshapangwa kwa chipu yake, kwa hiyo hatua ya 1 na ya 2 zimeisha. Usijaribu kulehemu, nyingi ni alumini. Kipime tu umbali kutoka kwenye dipoli.

*Mkuu, kwa nini usiweke pachi (antena bapa) yenye ardhi (tabaka linalopitisha umeme) nyuma ili mwili usihusike kabisa?*

(Jibu la mwanachama mwingine) Inafanya kazi, na kwa nguo inayogusa ngozi ningechagua hiyo. Pachi ya robo wimbi ni kama sentimita 7 hadi 8, unene milimita 3 hadi 5. Ugumu uko kwenye ukingo wa kuunganisha na ardhi: kunja kitambaa kimoja kipite juu na chini, usishone vipande viwili. Na bendi yake ni nyembamba, milimita 2 za makosa zinaonekana.

*Baada ya kufua mara nne umbali umeshuka kutoka mita 2.5 hadi nusu mita. Kimeharibika nini?*

Hamishia kitanzi kwenye dipoli mpya. Umbali ukirudi, kitambaa ndicho kilichokufa: mara nyingi ni jiki, klorini hula fedha na shaba, au mkunjo wa katikati ulioongeza ukinzani. Usiporudi, angalia lehemu ya chipu kwa kioo cha kukuza.

*Kwenye mvua je? Reflekta ikilowa chapa.*

Maji yaliyo kati ya dipoli na EVA ndiyo mabaya, yanashusha masafa mara moja. Bandika TPU moja kwa moja kwenye EVA pasibaki mfuko wa hewa. Kisha lowesha nguo yote, weka kwenye dumu, pima tena. Ukipoteza zaidi ya 3 dB, toa milimita 1 kila upande kwenye kipande kinachofuata: kikavu utapoteza kidogo, lakini mvua haitakizima.