Kabla ya Kumchoma Mtu Kidole: Kuzuia Kisukari Kiwandani

Mimi ni muuguzi wa zahanati ya kiwanda cha vifungashio hapa Dar es Salaam, upande wa Barabara ya Nyerere. Kila ikikaribia tarehe 14 Novemba, Siku ya Kisukari Duniani, wenzangu wa viwanda vingine hunipigia simu: "Sista, bosi anataka tupime watu sukari. Tuanzie wapi?" Huwa nawajibu wasianzie kwenye kupima. Kupima umati kwa siku moja, na hema na fulana na mpiga picha, ni rahisi. Ugumu uko kwa yule ambaye mashine imemsomea sukari ya milimoli 6.4 kwa lita ya damu kabla hajala, akaambiwa "punguza sukari, mama", kesho yake akaikuta kantini chai ileile.

Huyo wa 6.4 ndiye mtu wako. Hana kisukari bado, ila akiachwa hivyo hivyo kinaweza kumpata. Mwaka 2002 Wamarekani walitoa matokeo ya utafiti wa watu 3,234 wa aina yake. Waliosaidiwa kubadili ulaji, kupunguza asilimia 7 ya uzito na kufanya mazoezi ya wastani, hasa kutembea haraka, dakika 150 kwa wiki, walipunguza uwezekano wa kupata kisukari kwa asilimia 58. Waliopewa vidonge vya metformin, dawa ya kushusha sukari, walipunguza kwa asilimia 31. Wafini, watu wa Finland, walikuwa wameshapata 58 hiyohiyo mwaka mmoja kabla. Kwa hiyo dawa unayoigawa ni chakula, miguu na watu wa kushikana nao. Kinachobaki ni namna ya kuigawa kwenye kiwanda chenye zamu tatu.

Siri kwanza

Pata barua yenye saini ya mkurugenzi inayosema mambo matatu: majibu ya mtu hayatoki zahanati, rasilimali watu wanapewa jumla tu, hakuna atakayehamishwa kitengo wala kunyimwa mkataba kwa sababu ya sukari. Usiiombe kama fadhila. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022 inazihesabu taarifa za afya kuwa taarifa nyeti. Kisha barua hiyo aisome mwenyekiti wa tawi la chama cha wafanyakazi, mbele ya watu, siyo meneja. Akiisoma meneja, vibarua wanasikia kitu kingine kabisa.

Hata hivyo mtu atafika mlangoni, atazungusha macho, atauliza kwa sauti ya chini: "Sista, hilo daftari analiona nani?" Jibu liwe fupi: "Mimi na daktari, basi." Na kabati lenye kufuli alione kwa macho yake. Ukiandika ripoti, usiigawe kwa vitengo vyenye watu wachache. Ukisema stoo kuna mmoja mwenye sukari ya juu, na stoo wako wanne, umeshamtaja.

Kuchuja na kupima

Anza na maswali, siyo damu. Dodoso la Wafini linaloitwa FINDRISC lina maswali manane: umri, uwiano wa uzito na urefu, kiuno, mazoezi, mboga na matunda, dawa za presha, kama mtu amewahi kuambiwa sukari imepanda, na kama kwenye ukoo kuna mwenye kisukari. Alama zake hufika 26, na mwenye 15 kwenda juu yuko kwenye hatari kubwa. Mimi naongeza swali kwa wanawake: uliwahi kupata sukari ukiwa mjamzito? Anayejibu ndiyo asikosekane kwenye orodha hata kama ni mwembamba.

Kiuno pima kwa utepe wa fundi cherehani, nyuma ya pazia, mwanamke apimwe na mwanamke. Sentimita 94 kwa mwanaume na 80 kwa mwanamke ndipo tunapoanza kuwa macho.

Waliochujwa ndio wapimwe damu, na hapa zamu zinavuruga. Kipimo cha kabla ya kula kinataka saa nane bila chakula. Mtu wa zamu ya usiku aliyekula saa saba usiku, ukimchoma kidole saa kumi na mbili asubuhi anapotoka, ana saa tano tu. Namba utakayopata haina maana. Mpe siku yake ya mapumziko, au msubiri wiki atakayoingia asubuhi. Kipimo cha HbA1c, kinachoonyesha wastani wa sukari ya miezi miwili mitatu iliyopita, hakihitaji mtu kufunga, lakini kina gharama, na kwa mwenye upungufu wa damu au chembe za sikoseli kinaweza kudanganya. Ukanda wetu una wengi wa namna hiyo, kwa hiyo daktari aamue.

Shirika la Afya Duniani linasema milimoli 6.1 hadi 6.9 kabla ya kula ni sukari iliyopanda isiyofika kisukari. Wapo wanaoanza kuhesabu kwenye 5.6. Ikifika 7 na kuendelea, huyo siyo wa kundi lako. Mwandikie rufaa akarudie kipimo maabara, maana mashine ya kidole haitoi hukumu ya mwisho. Na ukimkuta mtu ana 11.1 au zaidi muda wowote, anakojoa mara kwa mara, kiu haiishi, amekonda ghafla, aende kwa daktari siku hiyohiyo, na mtu wa kumsindikiza.

Vijiti vya kupimia viwe vya mashine yenyewe, kopo lifungwe kila mara, lisikae karibu na dirisha lenye jua. Sindano ya kidole ni ya mtu mmoja mara moja, kisha ndani ya kisanduku cha vyenye ncha kali. Hilo halina mjadala.

Birika la kantini

Kama una nguvu ya kupigana vita moja tu, pigana hii. Kantini nyingi za viwandani chai inatiwa sukari jikoni, kwenye birika kubwa, kwa mkono wa mpishi. Mfanyakazi hachagui. Muulize mpishi anatumia kilo ngapi na vinatoka vikombe vingapi. Tuseme kilo 5 kwa vikombe 300: gawanya, kila kikombe kina karibu gramu 17, yaani vijiko vinne vya chai. Anywe viwili, ameshavuka gramu 25 ambazo Shirika la Afya Duniani linasema ni vizuri mtu asizidishe kwa siku nzima. Soda ya chupa ya mililita 350, yenye zaidi ya gramu 35, bado hajaigusa.

Usiende kumfokea mpishi. Nenda jikoni asubuhi, msalimie, kaa, mwambie mama naomba tujaribu: mabirika mawili, moja la tangawizi na mchaichai lisilo na sukari kabisa, jingine la kawaida, lakini sukari iwe pembeni na kijiko cha chai, kile kidogo. Kijiko cha chakula kifichwe. Watu watalalamika wiki za mwanzo. Wengine watakuja na sukari yao kwenye kikaratasi, waache. Anayejiwekea mwenyewe anahesabu.

Baada ya chai ndipo uende kwenye sahani. Mlima wa ugali wa sembe na maharage yaliyojificha kona ugeuzwe: nusu ya sahani mchicha, kisamvu au kabichi, robo ugali, robo maharage, dagaa au samaki. Dona ni bora kuliko sembe, ila usimwambie mtu kwamba dona haina wanga, maana atakula mara mbili. Tunda liliwe zima, juisi ya miwa ipumzike. Wabeba mizigo wanaotoa jasho kutwa usiwapunguzie chakula sawa na karani au dereva wa foklifti. Na mama lishe wa getini mshirikishe mapema, kwa sababu kantini ikibadilika peke yake, wateja watahamia kwake kwenye maandazi na chapati.

Zamu ya usiku ina jambo lake: vinywaji vya enaji. Watu wanavinywa wasisinzie. Wawekee chai ya rangi au kahawa isiyo na sukari muda wote, na washauri wale mlo wao mkubwa kabla ya kuingia, usiku wa manane wale kidogo.

Makundi

Wale wenye sukari iliyopanda isiyofika kisukari sasa waweke kwenye makundi ya kusaidiana. Mpango wa Marekani uliotokana na utafiti ule unachukua mwaka: vikao 16 ndani ya miezi sita ya kwanza, kisha angalau sita kwenye miezi inayobaki. Usikate huo mkia wa nusu ya pili. Hapo ndipo uzito unaporudi.

Watu kumi hadi kumi na watano wanatosha. Usiwapange kwa saa, wapange kwa kikosi cha zamu. Ukisema kundi hukutana Jumanne saa nane mchana, wiki ijayo nusu yao watakuwa wamelala nyumbani baada ya zamu ya usiku. Wanaozunguka zamu pamoja wakae kundi moja, kikao kifuate wanakokwenda, na dakika 45 hizo zihesabiwe kuwa ni za kazi. Mwajiri akisema wakae kwa muda wao, basi hana mpango, ana tangazo.

Kiongozi wa kundi asiwe msimamizi wa zamu. Tafuta mtu ambaye wenzake humweleza shida zao: kwetu huwa ni mama mmoja wa kitengo cha kufunga mabunda au fundi mzee wa mitambo. Mfundishe kuuliza kuliko kuhubiri. Mada zitoke kwenye maisha yao. Mshahara umeingia Ijumaa, nyama choma na bia, unafanyaje? Jumapili harusi, sahani ya pilau imejazwa na mkwe, unaikataa vipi bila kumkosea? Mwezi wa Ramadhani, futari ya mihogo, tambi na kaimati, unapunguza wapi? Kila mtu awe na daftari dogo la kuandika alichokula na dakika alizotembea. Na kikao kimoja waje na wenza wao, kwa sababu anayepika nyumbani ndiye anayeamua mengi.

Uzito ni mahali pa kwenda taratibu. Kwetu mtu akinenepa huambiwa amenawiri, akikonda watu huanza kunong'ona kwamba ana ugonjwa. Nimeona mtu aliyepunguza vizuri akaacha kwa sababu ya maneno ya mtaani. Mzungumzie hilo siku ya kwanza, kabla kilo haijashuka: nyumbani utasema nini? Wengine hupenda jibu la wazi, "niko kwenye mazoezi ya kazini". Mizani iwe chumbani, mmoja mmoja. Mwenye kilo 86 lengo lake ni karibu 6 ndani ya miezi sita, siyo kurudi alivyokuwa sekondari.

Kutembea hakuhitaji uwanja. Dakika kumi baada ya chakula cha mchana, kwenye kivuli cha ghala, na kushuka daladala kituo kimoja kabla. Anayetumia dawa za kisukari kama insulini au glibenklamaidi asiunganishwe tu na matembezi bila ushauri wa daktari, sukari yake inaweza kushuka ghafla. Mjamzito hapewi lengo la kupunguza uzito.

Na atatokea muuza mlonge. Msikilize, kisha waambie kundi: kinywe chochote, lakini asiyetembea bado hajatembea.

Mwisho wa mwaka

Pima tena wote waliokuwa kwenye kundi, kwa kipimo kilekile na kwa masharti yaleyale ya kutokula. Mpelekee mkurugenzi namba tatu tu: wangapi walimaliza vikao, wastani wa uzito uliopungua, wangapi sukari imerudi chini ya 6.1. Ambao haijashuka wapelekwe kwa daktari wazungumzie metformin, na wote wapimwe kila mwaka.

Kisha nenda ofisi ya ununuzi. Ombi la chai isiyo na sukari liandikwe kwenye mkataba wa mzabuni wa chakula, pamoja na mboga za majani kila siku na maji ya kunywa ya bure. Mzabuni akibadilishwa bila kipengele hicho, mpishi mpya ataingia Jumatatu na kilo zake tano.